Penye Madoa Tu

Wapo wanaowaumiza wapenzi wao kwa kuwachoka, na wapo wanaowaumiza kwa kuwapenda kupita kiasi. Jael binti Masinde alikuwa wa kundi hili la pili, na Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa jikoni kwa mama yake akisugua viganja kwa ndimu na majivu mpaka machozi yakamtoka.

"Haitoki, mama."

"Sugua."

"Nimesugua tangu jana. Sabuni ya Omo, mafuta ya taa, majivu. Haitoki!"

Dinah, mama yake, alimshika mikono akaigeuza mbele ya mwanga wa mlango. Viganja vyote viwili, na vidole mpaka kwenye kucha, vilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, kama vya mtoto aliyeshinda mtini akila zambarau. Dinah hakuwa mwanamke wa kelele. Alirudisha mlango nusu, akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulimpaka nini huyo mtoto wa watu?"

"Dawa yake."

"Ulimpakia wapi?"

Jael akaivuta mikono yake. Swali lenyewe lilikuwa hilo, na kila mtu aliyelelewa hapo kijijini Matete angejua jibu lake lina uzito gani. Msichana wa kanisa, ambaye hajatolewa hata ng'ombe mmoja, alikuwa ameingia nyumba ya mwanamume, akamvua shati, akampaka mgongo mzima.

"Sikufanya lolote, mama. Nilimpaka tu."

"Mimi nakuamini," Dinah alisema. "Lakini baba yako akijua umempaka, atakuuliza kama nilivyokuuliza. Kwa hivyo leo hujui kitu. Umesikia? Funika hiyo mikono."

Lawama zote zilikuwa za Alhamisi, basi acha tuirudie.

Phanuel Wanjala alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, siku zile za neema ambapo matrekta ya miwa yalipanga foleni mpaka barabara kuu na kila nyumba ikitafuta mabati mapya. Alikuwa kijana mpole, mwenye cheko la kujificha, na shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Wengi walidhani ni maringo ya ofisini. Jael ndiye aliyejua. Siku Phanuel alipoleta suruali ishonwe kwenye cherehani yake sokoni, mkono wa shati ulimpanda juu ya kiwiko, na Jael akaona ngozi nene, nyekundu, yenye magamba meupe yanayodondoka. Phanuel alishusha mkono haraka. Jael akamwambia, "Simama vizuri nipime kiuno, mimi sishoni viwiko." Walipendana kuanzia hapo, na kwa mwaka mzima Phanuel alikuwa akimwambia kwamba ni yeye peke yake duniani asiyemtazama kwanza kwenye ngozi.

Mwezi huo daktari wa ngozi aliyekuwa akija Kakamega mara moja kwa mwezi alimpa dawa mpya, ya njano kama siagi lakini inayoacha rangi ya kahawia ngozini, ndani ya kopo, pamoja na kijiti cha kupakia. Alhamisi mchana Phanuel alitoka zamu, macho yamemlegea kwa usingizi. Jael alikuwa amepitia nyumba yake ya kampuni kumletea shati jeupe alilomshonea kwa ajili ya Jumamosi, siku ya kwenda kujitambulisha kwa Mzee Masinde.

"Mgongoni sifiki," Phanuel alisema kwa haya. "Nisaidie. Penye madoa tu, kwa hicho kijiti. Nusu saa, kisha niamshe nikaoge. Daktari alisisitiza sana."

"Lala, bwana. Mimi najua kupaka mtu mafuta."

Na kweli alijua. Nani asiyejua? Kila Jumapili ya utoto wake Dinah alimkamata kati ya magoti akampaka mafuta usoni, shingoni, viwikoni, mpaka nyuma ya masikio, kwa sababu mtoto akitoka nje amepauka, aibu ni ya mama. Jael aliweka kijiti kando. Kijiti cha nini kwa mtu unayempenda? Alichota dawa kwa vidole akaanza kwenye madoa, akatoka kwenye madoa, akapita mabegani, shingoni, mikononi, paji la uso. Alipaka mpaka Phanuel mzima akang'aa. Phanuel alikuwa ameshalala. Nusu saa ikapita, Jael akamtazama anavyopumua, akaona ni dhambi kumwamsha. Akajiambia kwamba kama dawa ya nusu saa inasaidia, ya kutwa nzima itaponya. Akafunga mlango taratibu, akaenda zake akiimba wimbo wa kwaya.

Mpaka jua linazama, Phanuel alikuwa amejimwagia ndoo tatu za maji na bado anaungua. Kesho yake ngozi nzima isiyokuwa na doa ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na juu yake rangi ile ya kahawia imetanda.

Jumamosi saa tano wageni wakafika. Phanuel alikuja na baba yake mdogo, Erastus, fundi wa matrekta, mtu mnene mwenye maneno ya taratibu. Sebuleni walikuwa Mzee Masinde, kwenye kochi jipya lililonunuliwa kwa miwa ya mwaka huo, na dada yake Pascalia, shangazi wa Jael, mwanamke ambaye harusi yoyote ya ukoo ilipita mkononi mwake kwanza. Dinah hakuingia. Mama hakai chumba kimoja na mtu anayekuja kuwa mkwe wake, na desturi hiyo kwao haikuwa na mjadala. Kwa hivyo birika na beseni la kunawisha wageni lilikuwa la Jael peke yake. Alisimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani, taulo amelitandaza juu ya mikono, anasikiliza.

"Mulembe," Masinde alimsalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, baba," Phanuel alijibu, na kwa heshima akavua kofia.

 Jael alichungulia penye upenyo wa pazia. Paji la uso la Phanuel lilikuwa limeanza kuchunika, na kola ya shati alilomshonea yeye mwenyewe ilikuwa ikimkwaruza shingo mbichi. Kila alipogeuka, alifumba macho kidogo. Woi, Jael wee! Alitamani kwenda kumfungua hicho kifungo cha juu.

"Kijana," Masinde alisema, mkono wake haukunyooka kusalimia, "hicho ni nini?"

"Ni dawa imenichoma, baba. Nina ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Nilitaka nije niwaambie mimi mwenyewe, msije mkasikia kwa watu. Hauambukizi. Daktari amenihakikishia."

"Dawa gani inachoma mgonjwa?"

"Ikipakwa vibaya inachoma."

"Na nani aliipaka vibaya?"

Nyuma ya pazia Jael akasogea hatua moja mbele.

"Mimi mwenyewe," Phanuel akasema.

Pascalia alicheka cheko fupi lisilo na furaha. "Wewe mwenyewe! Hebu inama nione ndani ya kola. Mpaka kisogoni? Mpaka huko chini mgongoni? Mimi nina mikono miwili tangu nizaliwe, haijawahi kufika huko. Nani alikupaka?"

"Nilijitahidi tu, shangazi."

"Ati nilijitahidi! Watu wanadanganyanga wazee siku ya kwanza kabisa?"

"Dada, ngoja," Masinde alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayezungumza na yule asiyekuwepo. "Kijana, mimi sikuchukii. Nasikia huko mizani huibi kilo za mkulima, na hilo si jambo dogo. Lakini nilikuwa na kaka, Andati. Alianza na doa moja begani. Walituambia ni choa. Wakatuambia hauambukizi. Mama akampaka kila mafuta ya dunia hii. Mwaka wa tatu walikuja kumchukua na gari kwenda kambi ya wakoma, na mimi nilikuwa mtoto, nilikimbia nyuma ya gari nikimpungia, na yeye hakuweza kunipungia vizuri kwa sababu ya vidole. Hakurudi. Sasa niambie, nitampaje mtu binti yangu nikiwa nimeona hayo?"

"Huu si ukoma, baba. Nina karatasi ya hospitali."

"Karatasi hata sisi tulipewa."

Erastus alikohoa. "Mzee, tunakusikia. Lakini mtoto wetu hajasema uongo kuhusu ugonjwa."

"Kuhusu ugonjwa hapana," Pascalia alidakia. "Kuhusu mkono uliompaka, ndiyo. Na mtu anayeficha mkono anaficha mengine."

"Basi," Masinde alisema, akaweka viganja magotini kama anayetaka kusimama. "Mtakula, kisha mtakwenda kwa amani. Lakini neno mlilokuja nalo, rudini nalo."

Nyuma yake Jael alisikia mama yake akinong'ona kutoka jikoni, "Jael, tulia. Jael!" Hakutulia. Alijua kwamba Phanuel angekaa pale mpaka jioni akiitwa mwongo na asimtaje. Hata jina tu angekataa kulitaja. Jael aliweka birika sakafuni, akasukuma pazia, akaingia bila taulo.

"Ni mimi niliyempaka, baba."

"Jael, usiseme," Phanuel alisema.

"Nilikwenda nyumbani kwake Alhamisi. Aliniambia nipake penye madoa tu, nikapaka kila mahali. Aliniambia nusu saa, nikamwacha amelala. Kuungua huko ni kosa langu mimi. Hiyo rangi ni ya dawa, wala si ya ugonjwa. Tazameni, hata mimi ninayo."

Akanyoosha viganja mbele ya baba yake.

Alikuwa amejiandaa. Alijua kofi litakuja, na matusi ya shangazi, na kutengwa na kwaya, na yote hayo alikuwa ameyakubali pale nyuma ya pazia. Kofi halikuja. Masinde alitazama mikono ya binti yake, na uso wake ukaishiwa damu. Alisimama, akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la vyombo.

"Umemshika," alisema. "Dada, ukoma umemshika mtoto wangu!"

"Baba, ni rangi! Inatoka!"

"Usinikaribie."

Jael alibaki na mikono hewani. Tangu azaliwe hajawahi kusikia neno hilo kutoka kwa baba yake. Pascalia, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alifunika mdomo kwa leso na kusogea mwisho wa kochi. Phanuel alisimama. Alimtazama Masinde aliyejibana kwenye kabati, akamtazama Jael, na macho yake yakatulia kwenye viganja vile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha alichukua kofia yake, akaomba radhi kwa wazee, akatoka.

Erastus ndiye aliyeokoa lile lililokuwa likizama. Hakuinuka.

"Mzee Masinde," alisema taratibu. "Mimi nashika grisi kila siku. Najua rangi inayokaa na najua inayotoka. Mtoto amesema inatoka. Haya, tuipe wiki mbili. Ikitoka, ilikuwa rangi. Ikibaki, mimi mwenyewe nitakuja hapa kukuomba msamaha, na kijana wetu hutamwona tena. Lakini ikitoka, utamsikiliza. Hilo ni kosa?"

Masinde alikaa chini polepole, akiwa bado anaitazama mikono ya Jael kutoka mbali. Alikuwa mtu mkali, lakini alikuwa mtu wa haki, na haja yake kubwa dakika hiyo ilikuwa mtu amwambie kwamba mtoto wake hafi.

"Wiki mbili," alisema mwishowe.

"Na kijana akirudi?" Erastus aliuliza.

"Akirudi na hiyo mikono ikiwa safi, nitamsikiliza. Hata hiyo karatasi yake mtanisomea."

Jael hakungoja ruhusa. Alitoka mbio na viatu vya ndani, akapita jikoni mama yake akimwita, akashika njia ya katikati ya mashamba ya miwa. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha. Ndiyo, furaha! Wiki mbili ni nini? Angelala na ndimu mkononi, angekunywa hata hayo majivu. Alimkuta Phanuel amesimama penye kona ya shamba, amefungua kola, akijipepea shingo kwa kofia.

"Phanuel! Amekubali! Wiki mbili tu, rangi ikitoka utarudi, atakusikiliza. Amesema hata karatasi ya hospitali asomewe. Phanuel, umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi mbona hucheki?"

Phanuel alitazama chini. "Asante kwa kusema mle ndani, Jael. Najua ulichokitoa."

"Nisingesema ningeishije? Nisamehe. Nakuomba unisamehe, nilikuchoma. Unaumia sana?"

"Naumia. Nitapona." Akavaa kofia, akaivua tena. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Usinijibu haraka."

"Uliza."

"Nilikwambia penye madoa tu. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulipomaliza madoa, ukapaka hata pale pasipo na kitu. Usoni sina doa, Jael. Shingoni sina. Kwa nini ulipaka?"

Jael akafungua mdomo. Jibu lilikuwa rahisi, ni mazoea, ndivyo kwetu tunavyopaka mafuta. Lakini Phanuel alikuwa akimtazama kwa yale macho aliyoyapenda, na mbele ya macho hayo alikumbuka kitu alichokuwa amekisahau kwa makusudi. Wiki moja kabla, Pascalia alikuwa amepita sokoni kwenye cherehani. Akamwambia, "Huyo karani wako nimemwona. Sura anayo, lakini amepauka kama jiwe la kusagia. Watu watasemaje siku hiyo?" Jael alicheka. Alicheka pamoja na shangazi yake! Na Alhamisi, kila alipochota dawa, kitu alichokiona mbele yake kilikuwa sebule ya baba yake, na watu wakimtazama Phanuel akiingia aking'aa.

"Nilitaka upendeze," alisema kwa sauti ndogo.

"Mbele ya nani?"

Jael akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Wewe hukuwa ukijali, ulisema. Siku ile ya kiwiko ulisema hushoni viwiko. Nimeishi kwa maneno hayo mwaka mzima."

"Sijali! Nakupenda, Phanuel. Nakupenda na ngozi yako yote."

"Najua unanipenda. Sijasema hunipendi." Aliizungusha kofia mikononi. "Lakini huu ugonjwa hauishi. Daktari aliniambia wazi, utaondoka na utarudi, utarudi mpaka nizeeke. Kila ukirudi kutakuwa na harusi ya mtu, matanga ya mtu, wageni wa baba yako. Na utakuja na kopo. Utanipaka kwa mapenzi, na mimi nitalala nikijua unanifuta."

"Sitafanya hivyo tena. Naapa."

"Basi niambie hukuona haya. Niambie mara moja tu, Alhamisi hukuionea haya ngozi yangu, nami nitarudi baada ya wiki mbili. Nitarudi hata nikitambaa."

Lori la miwa lilipita barabarani kwa mbali, likiangusha mabua. Jael alikuwa tayari kudanganya. Angemdanganya baba yake, kasisi, shangazi, dunia nzima, kwa ajili ya mtu huyu. Alivuta pumzi aseme hilo neno moja dogo la hapana. Lilifika mpaka kwenye meno likakwama hapo. Machozi yakatangulia.

Phanuel alingoja. Haki ya Mungu, alingoja sana. Kisha akatikisa kichwa mara moja, bila hasira, akataka kumshika bega, akaurudisha mkono wake, labda kwa sababu ya dawa, labda kwa sababu nyingine ambayo Jael angejiuliza maisha yake yote. Akaenda. Hakugeuka, na shati jeupe likapotea taratibu kwenye miwa.

Jael alirudi kwa miguu mizito. Mlangoni mwa jikoni Dinah alikuwa amesimama na sahani ya ugali na kuku, chakula cha mgeni ambaye hakukaa kula. Habari ya wiki mbili alikuwa ameshaipata, na uso wake ulikuwa na nuru kidogo.

"Mkono hebu," alisema. "Baba yako amesema nichemshe maji ya chumvi. Amekwenda mwenyewe kuchuma ndimu, unaweza kuamini? Umemwambia? Atarudi lini?"

"Hatarudi, mama."

"Anamwogopa baba yako? Nitamtuma Erastus amwambie..."

"Hamwogopi baba."

"Kwani ni nini? Ni ile dawa? Amekasirika ulimchoma?"

Jael alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono yake ndani ya maji ambayo mama yake alikuwa ameshayatenga. Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya Mzee Masinde akiitikisa miti.

"Ameniuliza kitu, nikashindwa kujibu," alisema. "Ndiyo maana hatarudi, mama. Na hajakosea."